Kwa Nini Msitoe Pesa Tu?



Ndugu na dada zangu, kuna swali linalozunguka katika jumuiya yetu kila baada ya sala ya Ijumaa, na naona afadhali liandikwe. Mtu akipanda baiskeli kutoka Bujumbura hadi Rumonge ili watu wawachangie waliofikwa na mafuriko Gatumba, hiyo baiskeli ina kazi gani? Mwenye pesa si atoe tu? Anayetoa faranga mia tano kwa kila kilomita anangoja nini ambacho hakuwa nacho jana?

Swali hili linanihusu. Mimi na mjomba wangu tulikwenda safari hiyo, takriban kilomita 75 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, siku mbili. Hatukuwa wa kwanza duniani. Mwaka 2017 kundi la Waislamu wa Uingereza walitoka London kwa baiskeli wakielekea Madina na Hija, wakichangisha kwa ajili ya Wasyria. Lakini kufanywa na wengi hakulifanyi jambo kuwa sahihi, kwa hiyo tuliangalie.

Pingamizi la kwanza ni riya. Wanaolitoa hukumbusha ile Hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu, mmoja wao akiwa ni yule anayeficha sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Ni kweli. Lakini aya ya 271 ya Suratul Baqara inaisifu sadaka ya wazi kwanza, kisha inaeleza kuwa ya siri ni bora zaidi. Na katika Sahihi Muslim imo habari ya watu wa Mudhar waliofika Madina wakiwa karibu uchi kwa umaskini. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika. Akahutubia, na watu wakakaa, mpaka Ansari mmoja akaja na mfuko ambao mkono wake ulikuwa ukishindwa kuubeba, ndipo wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine hadi yakawa marundo mawili ya chakula na nguo. Hapo ndipo Mtume akasema juu ya anayeanzisha jambo jema likafuatwa. Angekuja usiku kwa siri, yale marundo yasingekuwapo. Kwa hiyo kuonekana si kosa peke yake. Nia ndiyo yenye hesabu, na nia ya mwenzako huna mizani ya kuipimia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ajabu ni kwamba halisemwi sana. Ni hili la mateso. Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza ana nini. Akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea kwa miguu. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujitesa nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Dada yake Uqba bin Amir naye aliweka nadhiri ya kwenda kwa miguu hadi kwenye Nyumba Tukufu, na Uqba alipomuulizia, jibu likawa atembee na apande. Kumbe uchovu wenyewe hauna bei mbele ya Mwenyezi Mungu. Uchovu unaokuja njiani kuelekea jambo jema una malipo, ila ule unaotafutwa ili uonekane, hapana.

Sasa turudi kwenye faranga mia tano kwa kilomita. Tairi yangu ilipasuka kabla hatujafika Kabezi. Tukiifuata ahadi kwa herufi zake, mtoto wa Gatumba ambaye nyumba yao ilichukuliwa na maji ya Rusizi mwezi Aprili 2020 angekula kidogo zaidi kwa sababu ya msumari barabarani. Mtu mzima hawezi kulisema hilo bila kucheka, na bado ndilo tuliloliandika kwenye karatasi ya ahadi, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wengine. Mtu mmoja hata alitaka kutoa zaka yake kwa mtindo huo. Mjomba alimjibu kwa upole kwamba zaka ni deni tayari, haingoji mtu afike Minago.

Na hapa sina budi kumtaja mjomba zaidi kidogo. Yeye si mtu wa michezo. Ikinga ilikuwa kazi yake: alibeba abiria na mizigo mjini miaka mingi, mpaka Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipokatazwa kuingia katikati ya jiji. Tangu hapo anahangaika na mizigo midogo ya soko la Ruvumera. Nilipomwonyesha karatasi ya ahadi aliisoma mara mbili, akasema, “Mwanangu, mimi nimepiga kilomita hizi kila siku, hakuna aliyeniahidi hata chai.”

Maneno hayo yalinifikirisha kuliko mapingamizi yote mawili. Nani asiyewajua vijana wa Bugarama? Wanatoka juu, zaidi ya mita 2,000, na mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, wanateremka hadi mjini kwenye mita mia nane zisizotimia, breki zao ni viatu vyao. Kurudi wanashika nyuma ya malori. Wengine hawarudi. Kama jasho la baiskeli ndilo linalofungua mifuko ya watu, ingefaa mifuko ifunguke pale kwenye kona za barabara ile. Haifunguki. Basi wanaotuchangia sisi hawalipii jasho. Wanalipia kutujua: huyu ni mwanafunzi mwenzetu, mtoto wa fulani, pesa zitafika. Baiskeli ni sababu tu ya kuombana bila aibu. Sioni ubaya hapo, ila tuiite kwa jina lake.

Liko swali jingine lililonikaa kooni njia nzima kandokando ya Tanganyika. Aya ya 215 ya sura hiyohiyo, watu walipouliza watoe nini, inawataja wazazi kwanza, kisha jamaa wa karibu, halafu mayatima, maskini na msafiri. Na imepokewa kuwa sadaka kwa jamaa ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Mimi nachangisha kwa watu nisiowajua, na mtu anayepiga baiskeli mbele yangu ana kodi ya nyumba ya miezi miwili. Je, si yeye niliyepaswa kumwanzia?

Nilimwambia, tulipopumzika Magara. Hakukasirika. Alisema akitaka msaada atauomba, na kwamba hakuja Rumonge kuhesabiwa miongoni mwa wanaopewa. Mwenye kusoma aya ya 273 atamtambua mtu wa namna hii, yule ambaye asiyemjua humdhania tajiri kwa kujizuia kwake. Bado nafikiri kodi ile ilinihusu mimi na mama yangu, na tumeizungumza nyumbani kama inavyozungumzwa, bila karatasi. Lakini sikuwa na haki ya kumwondoa kwenye safu ya watoaji kwa sababu tu hana kitu.

Asubuhi ya kurudi alinunua bidoni mbili za mafuta ya mawese kwa pesa yake, lita ishirini kila moja, akafunga moja kwenye baiskeli yake na nyingine kwenye yangu. Rumonge ndiko mawese yaliko, na mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani siku zile, kwa hiyo Buyenzi bei ilikuwa nzuri. Akauza, akatoa mtaji wake, faida yote akaitia katika mfuko wa Gatumba. Nilikumbuka habari ya Abu Masud, kwamba iliposhuka amri ya sadaka masahaba wasiokuwa na kitu walikwenda kubeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa. Wanafiki wakawacheka pande zote: aliyeleta kingi wakamwita mwenye kujionyesha, aliyeleta pishi moja wakasema Mwenyezi Mungu hana haja nayo.

Nisizidishe. Ahadi zilileta zaidi ya mara ishirini ya faida ya mawese, na familia ya Gatumba haiulizi unga umetoka kwa kilomita au kwa bidoni. Sitaki tuache kuchangisha. Ninachotaka kamati ikubali kabla ya safari ijayo ni kwamba ahadi iandikwe kiasi kizima, si kwa kilomita; kwamba zaka ipokelewe kando na isiguswe kwa tairi, maji wala fulana, ambazo kila msafiri ajilipie; na kwamba hesabu ibandikwe mlangoni mwa msikiti bila majina. Pia kila baiskeli irudi na mzigo. Mjomba amekubali kuja tukienda Gitega, kwa sharti la kwamba ule mlima wa kwanza tuanze kuupanda usiku, kabla ya malori.