Kwa Nini Yeye, na Si Mwingine?

Soma: Ayubu 42:7–8, Luka 13:1–5, Yohana 9:1–7.

Mshiriki anapoambiwa hospitalini kwamba ana saratani, nyumbani huulizwa: kwa nini yeye? Katika mikoa yetu ya kandokando ya Ziwa Victoria, swali hilo halikosi majibu. Wapo watakaonong'ona kwamba amerogwa. Wapo, hata kanisani, watakaosema ana dhambi aliyoificha au imani yake ni haba. Jibu la kwanza limegharimu maisha ya watu: katika Usukuma wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yakachukuliwa kuwa ushahidi. Jibu la pili humwacha mgonjwa peke yake.

Kabla ya kulipima swali hili kwa Maandiko, tuangalie jambo moja katika uumbaji.

Kila kitu kimefanyika kwa atomi. Katikati ya atomi pana kiini chenye protoni na nyutroni, na kukizunguka zipo elektroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua kitu ni nini: chenye protoni 27 ni kobalti, chenye 28 ni nikeli. Viini vingi ni imara. Vingine si imara, kama kile cha kobalti-60, chenye protoni 27 na nyutroni 33. Siku moja nyutroni yake moja hugeuka protoni, atomi ikawa nikeli, na mionzi yenye nguvu hutoka.

Siku ipi? Hapo ndipo penye fundisho. Chukua atomi mbili za kobalti-60 zinazofanana kabisa. Moja inaweza kuvunjika leo alasiri, nyingine baada ya miaka 20. Hakuna kipimo kinachoonyesha ipi itatangulia. Iliyodumu miaka 10 haijachoka kuliko iliyotengenezwa jana. Lakini zikiwa nyingi sana, kanuni yake haibadiliki: katika muda wa miaka 5.3 hivi nusu yake huwa imevunjika, na katika muda mwingine kama huo, nusu ya zilizobaki.

Kanuni hiyo hutumika kutibu. Zamani mgonjwa wa kanda hii aliyehitaji mionzi alisafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi huduma hiyo inapatikana Bugando, hapa Mwanza. Katika mashine inayotumia kobalti, kadiri chanzo kinavyopungua nguvu, wataalamu huongeza dakika za matibabu ili mgonjwa apate kipimo kilekile. Hawajui ni atomi ipi itakayovunjika sasa. Wanajua mwenendo wa zote kwa pamoja, na hilo linawatosha kufanya kazi yao.

Ugonjwa nao uko hivyo kwa sehemu kubwa. Tunajua kwamba tumbaku huleta saratani, kwamba kichocho cha mkojo huchangia saratani ya kibofu, na kwamba kirusi kinachozuilika kwa chanjo husababisha saratani ya shingo ya kizazi. Ujuzi huo ni wa kutumiwa, wala si ukosefu wa imani kuutumia. Lakini kwa nini mama huyu na si jirani yake aliyeishi kama yeye? Mara nyingi hakuna daktari awezaye kusema.

Wanafunzi walipomwona kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa majibu yote mawili waliyomletea, akamponya yule mtu. Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawaita wasikilizaji wake watubu. Rafiki zake Ayubu, waliojua sababu ya kila kitu, ndio waliokemewa na Mungu.

Je, hii ina maana kwamba Mungu hatawali? Hapana. Wakolosai 1:17 inatufundisha kwamba vitu vyote hushikamana katika Kristo. Kisichojulikana kwetu hakijafichika kwake. Atomi haithibitishi fundisho hili. Inatukumbusha tu mpaka wa ujuzi wetu. Anayedai kujua sababu ambayo Mungu hakuifunua hushuhudia uongo juu ya jirani yake.

Basi tufanye nini? Matibabu ya mionzi mara nyingi huchukua majuma kadhaa. Mgonjwa anayetoka Ukerewe au Sengerema anahitaji mahali pa kulala mjini, chakula na nauli. Wengine huogopa kumpokea wakidhani atawaambukiza mionzi. Mionzi ya mashine hupita mwilini wala haibaki; anaporudi jioni unaweza kumkumbatia na kumpakatisha mjukuu wake. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele ya kanisa, na haisubiri jibu la kwa nini.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini tunavutwa kumtafuta mkosaji mtu anapougua? Jibu hilo linatupatia nini sisi tulio wazima?

2. Kama mzee wa jirani yako angetuhumiwa uchawi leo, darasa lako lingefanya nini kabla ya jua kuchwa?

3. Ni nani kanisani kwenu aliye kwenye matibabu sasa, na analala wapi?