ADA NA IBADA: KHABARI YA AMALI IDUMUYO

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Ramadhani, misikiti ya Kigamboni, tangu Feri mpaka Mjimwema na Kibada na hata Kimbiji, hujaa watu kwa sala ya alfajiri, na wachelewao husali nje juu ya mikeka. Mtu ambaye hakuufungua Msahafu tangu Ramadhani iliyopita husoma juzuu nzima kwa siku moja. Khalafu huingia Shawwal. Juma la kwanza safu hupungua, la pili hupungua zaidi, na mwezi haujakwisha imamu husali na wazee wale wale aliokuwa akisali nao katika Rajabu. Jambo hili kila mtu alijua, kila mtu hulisikitikia, na mwaka wa pili hurejea vile vile.

Wako watu, na baadhi yao ni watu wa akili, ambao wana hoja ya kujifariji kwayo. Husema: Amali ya mazoea ina faida gani? Aliyezoea jambo hulitenda kama pantoni livukavyo kwenda na kurudi. Viungo vyaenda na moyo umelala. Basi ni kheri kungoja mpaka moyo utake wenyewe, mtu atende kwa shauku, kuliko kutenda kila siku kwa desturi tu. Tena huitaja kauli ya wanazuoni wa fikihi, kwamba nia imewekwa ili ipambanue baina ya ada na ibada. Nao huifahamu kana kwamba ada na ibada ni maadui wawili, akiingia mmoja hutoka wa pili.

Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani mna nusu ya ukweli ndani yake. Asaliye na moyo wake uko sokoni hana cha kujivunia. Lakini kosa la hoja hii laonekana pale pale gatini.

Na atazamwe mtu wa Mjimwema mwenye kazi mjini. Huamka giza, hushuka Feri, hukata tikiti, huingia katika pantoni, huvuka Magogoni. Tangu Aprili 2016 liko daraja liendalo Kurasini, lenye urefu wa mita 680, na wengine hupita huko. Lakini mwenye kuvuka kwa pantoni huvuka kila siku, wala hajiulizi asubuhi kama leo ana shauku ya kuvuka. Miguu yaijua njia. Je, husemwa kwamba mtu huyu hajui aendako? La. Bali kwa kuwa miguu imekwisha kuijua njia, ndipo akili yake ipatapo nafasi ya kufikiri kazi yake na watoto wake na deni lake. Lau angalilazimika kila siku kuanza upya kuuliza gati liko wapi, asingalifika na akili ya kufanya lolote. Mazoea huubeba mwili, na moyo huachwa huru.

Madhehebu ya Imamu Shafi yamelipa jambo hili haki yake. Mtu afungaye Ramadhani, zikipita siku kumi tumbo limekwisha kuzoea njaa. Hata hivyo Mashafi huwajibisha kunuia kila usiku kwa saumu ya siku ifuatayo, ijapokuwa kwa Malik nia moja mwanzo wa mwezi yatosha. Wanafunzi wa chuoni hudhani hii ni khitilafu ndogo ya vitabuni. Wala si ndogo. Tumbo na lizoee, hapana ubaya. Lakini moyo huulizwa kila usiku. Kadhalika katika udhu nia huambatana na kuosha sehemu ya kwanza ya uso, na katika sala huambatana na takbira ya kuhirimia. Mkono umezoea maji miaka arubaini. Nia haina miaka arubaini, umri wake ni wa udhu huu tu.

Basi swali lililobaki ni la kujenga mazoea yenyewe hata yasivunjike. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, amepokea kwa Mtume s.a.w., nayo imo katika Bukhari na Muslim, mafundisho ya kuwa kidogo kisichokatika chapendeza mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko kingi kikatikacho. Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zainabu, achokapo kwa sala huishika. Akaamuru ifunguliwe, na mtu asali maadamu ana nguvu, akichoka akae. Na Abdallah bin Amri alipotaka kufunga kila siku, Mtume alimpunguzia, naye akazidi kuomba aongezewe, hata akaishia kufunga siku moja na kula siku moja. Alipokuwa mzee alitamani lau angaliikubali ile rukhsa. Huyu alikuwa sahaba, na hakuacha aliyoyashika. Mtu wa juzuu nzima na ajipime mwenyewe.

Mwaka 2009 ilitolewa khabari ya uchunguzi wa Phillippa Lally na wenziwe wa University College London, Uingereza. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula au kunywa au kushughulisha mwili, akalifunga na wakati maalumu wa kila siku, kama vile baada ya chakula cha asubuhi. Katika wale ambao hesabu yao ilitimia, jambo liligeuka kuwa mazoea kwa siku 66 kwa kadiri ya kati; aliyewahi siku 18, na wa mwisho alikadiriwa siku 254. Ramadhani ni siku 29 au 30. Basi aachaye siku ya Idi, wengi wao wameepua chungu na wali haujaiva. Na sunna ya kufunga sita za Shawwal hupita mlangoni pake asiione.

Tena wale watu wa London walihitaji kutafuta wakati wa kufungia jambo lao. Muislamu amepewa nyakati tano, na jua ndilo limwitalo. Asemaye, "Nitasoma nikipata nafasi," hatapata nafasi, kwani simu huipata kabla yake. Bali asome nusu ukurasa baada ya salamu ya alfajiri, kabla hajashuka Feri. Akiona ni kidogo mno kwa mtu mzima, huko huko Kigamboni kiko kijiji cha Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni jaribu uone.

Na siku itakatika tu, kwa homa au msiba au usingizi. Hapa wengi huanguka: huona wamekwisha kuvunja, basi huacha yote. Wachunguzi wale waliona kukosa siku moja hakukuleta dhara kubwa. Sheria ilitangulia. Sayyidna Umar amepokea, nayo imo katika Muslim, kuwa aliyelala ikampita sehemu yake ya usiku, akaisoma baina ya alfajiri na adhuhuri, huandikiwa kama aliyeisoma usiku. Na Mtume mwenyewe alishughulishwa na wageni wa Abdulqais akazikosa rakaa mbili za baada ya adhuhuri, akazisali baada ya alasiri. Ndipo Mashafi wakasema kulipa sunna zenye nyakati ni sunna.

Imo pia katika Bukhari, kwa mapokezi ya Abu Musa, kwamba mgonjwa na msafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko kwake. Aliyengoja shauku huandikiwa nini siku aliyolala kitandani, hali shauku haikuja alipokuwa na miguu? Lakini mzee aliyekwenda msikitini miaka yote, sasa magoti yamekataa, husikia adhana katika giza, na mkono wake umekwisha kupapasa birika kabla hajafumbua macho. Maji yafikapo usoni, hunuia.

Wallahu aalam.