Mwenzi Asiyekatalika

Msomaji wa hadithi za siku hizi za watu wanaogeuka mbwamwitu hujua mapema yatakayotokea. Kijana anafikia umri, mwezi unapevuka, pua inanasa harufu ambayo haijawahi kuisikia, na moyo unajua papo hapo: huyu ndiye. Hakuna mshenga, hakuna posa, hakuna kuchunguzana tabia wala ukoo. Alfa, kiongozi wa kundi, akimpata mwenzi wake wa majaaliwa, kundi zima limempata Luna wake, yaani mke wa kiongozi, na wote wanainamisha shingo. Visa hivi vinasomwa simuni, sura baada ya sura, hadi usiku wa manane, nami sioni la kushangaza. Anayeogopa kuachwa anaahidiwa mtu asiyeweza kumwacha. Anayechoka kuishi peke yake anaahidiwa kundi litakalolala naye, kuwinda naye na kumlilia akifa. Hamu hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajapata kupungukiwa na kitu hicho. Isitoshe, sisi ambao tumekua tukisikia kwamba ndoa ni majaaliwa, kwamba fulani kaandikiwa fulani, hatuwezi kujifanya wageni wa wazo hili.

Lakini kila ninapozisoma, jicho langu humwendea mtu wa pembeni: yule ambaye majaaliwa ya wenzake yamempita juu ya mgongo. Sijui mfano mzito kuliko Leah Clearwater, katika vitabu vya Stephenie Meyer vilivyoanza na *Twilight* mwaka 2005. Leah na Sam Uley walikuwa wapenzi. Sam akageuka mbwamwitu, wa kwanza katika rika lake, peke yake, bila wa kumweleza kilichompata. Kisha binamu yake Leah, Emily, akaja kutembea. Sam alimtazama mara moja tu, na mapenzi ya awali yakafutika. Si kwamba alimchoka Leah, wala si kwamba Emily alimnyang'anya. Kwa sheria ya hadithi ile, lilitokea tu, na halina rufaa.

Hapo ndipo panaponiuma. Leah hana wa kumlaumu. Msichana aliyeachwa kwa sababu ya uongo au tamaa ana haki moja iliyobaki, nayo ni kukasirika. Anaweza kusema nimedhulumiwa, na watu wazima wakamwitikia. Majaaliwa yanamnyima hata hiyo. Kila mtu hana hatia, na uchungu wake unakosa mahali pa kupeleka mashtaka. Baadaye naye anageuka mbwamwitu, mwanamke pekee katika kundi, na mbwamwitu hao husikiana mawazo. Basi kila zamu ya doria anasikia ndani ya kichwa chake namna Sam anavyompenda Emily, na Sam anasikia namna Leah anavyoumia, na vijana wengine wanasikia yote mawili. Wanamwonaje? Wanamwona msumbufu. Anawaharibia raha kwa machungu yake. Kundi linalosikia kila wazo la mwenzao halijapata nafasi ya kumsikiliza, nami nimezijua koo na jumuiya za namna hiyo, ambamo hakuna siri na hakuna faraja.

Tena uso wa Emily wenyewe una makovu. Hasira zilimpanda Sam siku moja akiwa karibu naye, akageuka, na kucha zikamchana. Kitabu kinalieleza jambo hilo kwa huzuni, kisha kinaendelea, maana wenzi wa majaaliwa hawaachani. Nalisoma na kujiuliza ni wanawake wangapi, ambao hawajapata kumwona mbwamwitu maishani mwao, wameambiwa wabaki kwa sababu hiyo hiyo.

Nguvu hii ya majaaliwa inafika mbali zaidi kwa Quil, kijana wa kundi hilo hilo, anayefungwa na majaaliwa kwa mtoto wa miaka miwili. Mwandishi anajitahidi kutuliza: atakuwa kaka, kisha rafiki, hadi binti akue. Bella, msimulizi wa vitabu hivyo, anapouliza kama mtoto huyo atakuwa na hiari, rafiki yake Jacob, naye wa kundi hilo, anajibu kwamba atakuwa nayo, ila kwa nini asimchague mtu anayemfaa kuliko wote? Jibu hilo ni laini, na ulaini wake unanitisha. Hiari yenye jibu moja tu ni kitu gani? Wazee wetu wanaoamini kabisa kwamba Mungu ndiye aliyeandika ndoa, siku ya nikahi bado huulizia ridhaa ya bibi arusi, na mashahidi wanataka kuisikia. Kanisani padri anawauliza mmoja mmoja, na umati unanyamaza kusubiri jibu. Kuandikiwa hakukumwondolea mtu haki ya kuulizwa. Nadhani hekima hiyo ni kubwa kuliko tunavyoipa uzito, kwa sababu inaacha mlango wazi mahali ambapo imani peke yake ingeweza kuufunga.

Na habari ya mlango inanipeleka kwa mbwamwitu wenyewe, wale wasio wa hadithi. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walifikia kumi katika eneo la mita 10 kwa 20. Aliona ugomvi wa vyeo, mkubwa akiwakandamiza wadogo. L. David Mech, Mmarekani, akalisambaza wazo la alfa katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye Mech huyo huyo alikaa majira mengi ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, karibu na kundi la mbwamwitu huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Anayeitwa alfa ni mzazi. Watoto wakikua huondoka, hutangatanga, hukutana na mgeni aliyetoka kwao vilevile, na hao wawili huanzisha kundi lao.

Kwa hiyo ule utawala wa meno na shingo zilizoinama, ambao riwaya zimeuchukua kuwa ndio asili ya mbwamwitu, uliandikwa kwa kutazama wanyama waliofungiwa pamoja wasiweze kuondoka. Sijasoma jambo linaloyaeleza makundi ya binadamu vizuri kuliko hilo. Wakwe, waajiri, vyama, hata nyumba za ibada: mahali ambapo mtu hawezi kutoka, mkubwa hahitaji kuwa mwema.

(Meyer aliwapa mbwamwitu wake jina la taifa lililo hai, Waquileute wa La Push, jimbo la Washington. Kufungwa na majaaliwa ni ubunifu wake. Wao wenyewe husimulia kwamba K'wati, mhusika wa masimulizi yao ya kale, aliwageuza mbwamwitu kuwa watu, na ingekuwa heshima wasomaji wakalijua hilo.)

Meyer mwenyewe, nadhani, alihisi hitaji la mlango. Katika *Breaking Dawn*, mwaka 2008, Sam anaamuru shambulio ambalo Jacob hawezi kulikubali. Amri ya Alfa inamkandamiza hadi chini, kisha Jacob anasimama na kuondoka. Leah anamfuata. Hampendi sana Jacob wakati huo. Anachotaka ni kichwa kisicho na sauti ya Sam. Na huko, katika kundi la watatu chini ya kiongozi asiyetamani kutoa amri, anakuwa msaidizi wake mkuu, mwenye akili kali na mwaminifu. Tunamwona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Mwandishi mwingine wa hadithi hizi, Patricia Briggs, ameliweka swali hili la hiari wazi zaidi. Mhusika wake Anna aligeuzwa mbwamwitu bila ridhaa huko Chicago na kuteswa na kundi lililopaswa kumlinda. Katika *Cry Wolf*, mwaka 2008, mbwamwitu aliye ndani ya Charles, mwenzi wake wa majaaliwa, ameshamchagua, na aliye ndani ya Anna ameshakubali. Majaaliwa yamemaliza kazi yake mapema kabisa. Lakini Anna aliye binadamu bado anaogopa kuguswa. Kitabu kizima kinampa nafasi ya kuamua, katika milima yenye theluji ya Montana, na Charles, mwenye nguvu za kumlazimisha, anamsubiri.