Kichaka Nyuma ya Jiko la Mjane



Jumamosi moja kabla ya Kwaresima tulikwenda watu 14, na mafyekeo, mapanga na reki mbili, kufyeka kiwanja cha mama mjane wa mtaa wetu. Marehemu mumewe alikuwa katekista, naye ndiye aliyewafundisha wengi wetu kusali. Tangu azikwe, majani yalikuwa yamepanda hata kufika dirishani. Mama huyu alikwisha kutuambia mara mbili kwamba nyuma ya jiko lake yupo nyoka. Tukamjibu, "Tutakuja, mama." Mwaka ukapita, na kila Jumapili tulipita mlangoni pake tukienda Misa.

Wa kwanza kutulaki walikuwa siafu. Mwongoza kwaya alisimama juu ya njia yao asijue, wakampanda kimya kimya mpaka mapajani, ndipo wakauma wote pamoja. Akina mama walicheka hata wakakaa chini. Mjane peke yake hakucheka, akasema siafu ni wageni wake wa heri: wakiingia nyumbani yeye hutoka na kigoda chake uani, na wakiisha kuondoka haonekani mende.

Darini alikuwamo bundi. Vijana walitaka kumpiga mawe, wakisema ni ndege wa wachawi. (Waliobatizwa na kupata kipaimara, hao!) Sisi tuliozeeka na chaki mkononi tukaokota vidonge alivyotapika chini ya boriti, tukavipasua mbele yao: manyoya na mifupa ya panya, basi. Ndege yule alikuwa akilinda mahindi ya mjane muda wote tuliokuwa tumelala.

Kisha kijana mmoja akainua bati kuukuu lililolala juu ya rundo la matofali. Swila akainuka, akapanua shingo, akatema. Mate yalimwingia kijana macho yote mawili. Alipiga kelele, akataka kujisugua, nasi tukamshika mikono, maana kusugua huumiza jicho zaidi. Mmoja akakimbilia kuchuma majani ya dawa, tukamkataza. Kinachotakiwa ni maji safi, mengi, kwa robo saa au zaidi, halafu hospitali bila kukawia. Lakini watu 14 hatukuleta maji hata tone. Tulileta panga.

Mama akatoka jikoni na ndoo yake, maji aliyoyateka kisimani alfajiri akayabeba kwa kichwa. Akamlaza kijana ubavu, akamfumbua macho kwa vidole vyake, akamwagia pole pole mpaka ndoo ikakauka. Akaleta na mtungi wa kunywa. Siku ile hakuwa na maji ya kupikia. Kijana alipelekwa hospitali, na baada ya siku kadhaa akaona vizuri, Mungu ahimidiwe.

Wengi tumehubiri juu ya shamba la mvivu lililoota miiba, lile la Mithali sura ya 24, na kila mara tulimhubiria mtu mwingine. Usiku ule sura iliyotunyima usingizi ilikuwa Yakobo ya 2, penye yule anayemwaga ndugu yake mhitaji kwa maneno mema bila kumpa kitu. "Tutakuja, mama." Maneno mema kabisa, na tuliyasema kwa tabasamu. Tusimlaumu swila. Punje zilianguka, panya wakafuata punje, nyoka akafuata panya, na kichaka tulikuwa tumemfugia sisi. Mama alikuwa akipita hapo gizani kila alfajiri, na ndoo, bila taa.

Tulimwomba radhi, naye akasema tu, "Wanangu, mmekula?"

Swila hatukumwua. Aliteleza akaingia katika kichuguu, na sehemu ya upande wa choo haijafyekwa bado. Jumamosi ijayo tutarudi, saa moja asubuhi, tukusanyike mlangoni pa mama. Mavazi ni viatu vya kufunika mguu, si kandambili. Matofali na mabati yageuzwe kwa mti mrefu, si kwa mkono, na watoto wabaki nyumbani. Kila nyumba ilete dumu moja la maji, na yatakayosalia yamiminwe katika mtungi wake.