Tunapotazama Peke Yetu

Mwaka 2001 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy Advance, chombo cha michezo cha kushika mkononi. Mwaka 2005 ikauza huko Japani Play-Yan, kifaa cha kupachika kwenye vyombo vya aina hiyo ili vionyeshe filamu zilizomo katika kadi. Leo, Bukoba mjini hata Muleba vijijini, simu hufanya kazi hiyo.

Je, kutazama peke yako ni dhambi? Hatusemi hivyo. Bwana wetu naye alijitenga akaomba (Mathayo 14:23). Lakini zamani, gari la sinema lilipokuja, tuliketi wote uwanjani. Kijana akicheka mtu anapoumizwa, jirani alimkanya. Kiganjani hakuna jirani. Inabaki dhamiri tu, nayo haiuzwi pamoja na kadi, hulelewa nyumbani.

Kwa hiyo kumnyang'anya mtoto simu hakutoshi. Enyi wazazi, ketini naye, tazameni anachotazama, mwulizeni: "Yule aliyepigwa, wewe ungemsaidiaje?" Akizoea kujibu mbele yenu, atajua kujiuliza akiwa peke yake mbele za Mungu.