Haki ya Mlezi

Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, kwa mtu atokaye Myamba katika Upare, imesimama milima ya Usambara. Jina la milima hiyo limesafiri mbali kwa ajili ya buibui mkubwa wa rangi ya chungwa, Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na Pocock mwaka 1897. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humtunza na kumzalisha majumbani.

Jike akisha kutaga huyafunga mayai katika mfuko wa hariri, akaulinda kwa ukali. Mfugaji huingiwa na hofu, kwani mama aliyeshtushwa huweza kuyala mayai yake mwenyewe. Basi wafugaji wengine huunyakua mfuko, wakauweka penye joto na unyevu wa kadiri: ukikauka, mayai hunyauka, ukilowa, huota ukungu.

Je, hiyo ni huruma au unyang'anyi? Mtetezi husema kwamba buibui azaliwaye nyumbani humwokoa mwenziwe asichimbuliwe mlimani. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijibu swali lote. Mama hayali mayai kwa uovu. Aghalabu hushtuliwa na kishindo, na kishindo ni cha mfugaji. Aletaye hatari kwa mkono wa kulia hastahili shukrani akiiondoa kwa mkono wa kushoto.

Hapana budi ulezi uanze na utulivu: giza liachwe, maji yatiwe kwa kiasi, chombo kisitikiswe. Mkono uingie pale tu mama aliposhindwa. Asiyeweza kungoja si mlezi. Ni mwenye mali tu.