Wimbo Uliotoka Tana

Masomo ya wiki: Sefania 3:14–17, Amosi 5:21–24



Vijana wa kwaya walibishana baada ya mazoezi: ni wimbo gani unaojulikana na watu wengi kuliko nyimbo zote duniani? Mmoja alitaja wimbo wa siku ya kuzaliwa, mwingine wimbo wa Krismasi. Wa tatu alisema ni Malaika, na yupo aliyeshikilia Jambo Bwana kwa hoja kwamba hakuna mtalii aliyefika Malindi akarudi kwao bila kuujua. Swali lao ni zuri. Nataka tulitafakari wiki hii, maana jibu lake linapita karibu sana na milango yetu.

Mwaka 1998 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliutaja Happy Birthday to You kuwa wimbo unaotambulika kuliko zote za lugha ya Kiingereza. Hata hapa Garsen tunaujua: unaimbwa huku mwenye siku yake akimwagiwa maji mpaka alowe. Mahadhi yake yalitokana na kazi ya dada wawili wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Mildred Hill alikuwa mwanamuziki, na Patty Hill alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka 1893 walichapisha wimbo mfupi wa kuwaamkia watoto darasani asubuhi. Maneno ya siku ya kuzaliwa yalikuja baadaye, juu ya mahadhi yaleyale.

Wimbo wa Krismasi uliotajwa na yule kijana wa pili ni ule unaosifu usiku wa Bethlehemu. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa dogo la Oberndorf, Austria. Padri Joseph Mohr alikuwa ameandika maneno, na mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber akayatilia mahadhi. Waliuimba kwa gita tu. Leo umetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100.

Tazameni nyimbo hizo mbili zilivyozaliwa. Mmoja ulikuwa wa watoto wa chekechea, mwingine wa Mtoto aliyelazwa horini. Waliozitunga hawakukaa chini kutafuta wimbo wa dunia nzima. Walikuwa na watu wachache mbele yao, wakawaimbia hao.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki watano walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa mchungaji na mwana wa Pwani yetu. Mahadhi waliyoyachagua yalitoka katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Aliyewapa ni Mzee Meza Galana wa kijiji cha Makere, hapa Tana River. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa, taifa zima lilisimama wima kwa mahadhi ambayo mama zetu walikuwa wakilalishia watoto.

Wimbo wa kubembeleza unaujua wewe uliyelea. Ni usiku. Mtoto ana joto mwilini, mbu wamejaa, na taa imepunguzwa ili mafuta yafike asubuhi. Mama amempakata begani, anampigapiga mgongoni polepole, anakwenda hatua chache na kurudi, huku akiimba kwa sauti ya chini. Mstari uleule anaurudia mpaka koo linakauka. Hana msikilizaji ila mmoja tu, na msikilizaji huyo hajui maana ya neno hata moja. Lakini anaijua sauti. Pumzi yake inaanza kutulia, mkono uliokuwa umekunja leso ya mama unalegea, na usingizi unamchukua.

Hakuna aliyewapigia makofi akina mama hao. Majina yao hatunayo. Hata jina la Mzee Galana, Wakenya wengi wanaouimba wimbo wa taifa kila wiki hawalijui. Hata hivyo kazi yao ya usiku, iliyofanywa kwa ajili ya mtoto mmoja asiyeweza kusema asante, ndiyo iliyokuja kusimamisha marais na majeshi.

Hapa ndipo nabii Sefania anapotusaidia. Aliishi wakati ambapo Yerusalemu ilikuwa imechafuka kwa dhuluma na watu wake walikuwa na hofu ya maangamizi. Baada ya maonyo mazito, mwisho wa kitabu chake anatangaza neno la ajabu: Bwana yuko katikati ya watu wake, anawatuliza kwa pendo lake, na anawashangilia kwa wimbo. Tumezoea kwamba sisi ndio tunaomwimbia Mungu. Sefania anatuonyesha kwamba Mungu naye huwaimbia watu wake, kama mzazi anavyomwimbia mtoto aliyelia mpaka akachoka. Mama anayekesha usiku anafanya kazi ambayo Mungu mwenyewe haoni haya kuifanya. Mama, baba, bibi, dada unayelea ndugu zako, usidharau zamu yako ya usiku. Hujui Mungu ataupeleka wapi wimbo wako.

Na wimbo wetu umepelekwa mbali. Mwaka 1968 Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico City, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, na mahadhi ya Tana yakapigwa mbele ya mataifa. Tangu hapo yamesikika katika Olimpiki nyingi. Huko Paris mwaka 2024 yalipigwa mara nne: mara mbili kwa Beatrice Chebet, mara moja kwa Faith Kipyegon na mara moja kwa Emmanuel Wanyonyi. Vijana wa Bonde la Ufa husimama jukwaani machozi yakiwatoka kwa mahadhi ya mama Mpokomo. Wapo mamilioni duniani ambao hawajawahi kusikia jina la Garsen, wala la Hola, wala la Ngao, lakini mahadhi ya mto wetu wameyasikia.

Tukiishia hapo tutakuwa tumejisifu tu, na Neno la Mungu halituruhusu kuishia hapo.

Mwezi Agosti 2012, David Rudisha alishinda mita 800 huko London kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91. Ilikuwa tarehe 9. Wimbo wa taifa ukapigwa kwa heshima yake, nasi tukashangilia. Hata wiki mbili hazikuisha. Tarehe 22 ya mwezi uleule, alfajiri, kijiji cha Riketa hapa Tana Delta kilivamiwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye tukasikia Chamwanamuma, tukasikia Kilelengwani, na kabla ya Krismasi tukasikia Kipao. Kufikia mapema mwaka 2013 waliouawa walikuwa wamepita 100. Wapokomo walizika, Waorma walizika. Nchi iliyowapa Wakenya wimbo wa kumtuliza mtoto ilishindwa kuwalinda watoto wake yenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu na kwa heshima ya wafiwa, ambao wengine tunaabudu nao na wengine tunanunua kwao maziwa sokoni kila asubuhi. Chanzo cha ugomvi tunakijua bila kufundishwa. Mkulima anataka shamba lake la mpunga na ndizi lisikanyagwe. Mfugaji anataka malka, njia ya kuwafikisha ng'ombe mtoni, isifungwe. Kiangazi kikikaza, wote wawili wanautazama mto mmoja. Haya ni mahitaji ya haki kwa pande zote mbili. Yaligeuka vita pale mazungumzo yalipoachwa na uchochezi ukapewa nafasi.

Katika hali kama hiyo, nabii Amosi alipeleka ujumbe mgumu. Watu wa siku zake walikuwa na sikukuu, sadaka na vinanda vya kupendeza, huku maskini wakikandamizwa langoni mwa mji. Mungu akawaambia kwamba makelele ya nyimbo zao yanamchosha, waziondoe mbele zake. Alichotaka ni hukumu ya haki itiririke kama maji, na uadilifu uwe kama kijito kisichokauka. Sisi watu wa Tana tunaelewa maneno hayo kuliko wengi. Mto wetu unashuka kutoka nyanda za juu za Kenya, unapita ardhi kavu, na popote unapofika pana uhai. Unainywesha miembe ya Mpokomo na ng'ombe wa Morma bila kuuliza kabila wala dini. Haki ya Mungu iko hivyo. Nasi tukiizuia isimfikie jirani, Mungu hana furaha na kwaya yetu, hata ikishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano.

Wimbo pekee hautoshi. Krismasi ya mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Ujerumani na wa Uingereza waliimba ule wimbo wa Oberndorf kutoka kwenye mahandaki yao. Sehemu nyingi waliacha kupigana, wakatoka, wakashikana mikono. Ilikuwa kazi ya Mungu kweli. Lakini sikukuu ilipopita, bunduki zilirudi, na vita vikaendelea hadi mwaka 1918. Walikuwa na wimbo mmoja, ila hawakuwa na watu wa kutosha wenye mamlaka waliokubali kuishi kama walivyoimba.

Sisi tumepewa nafasi iliyo bora zaidi, maana wimbo wetu wa taifa ni sala. Unaanza kwa kumwita Mungu, unaomba baraka, haki, undugu na amani, kisha unaahidi utumishi wa bidii na kazi ya pamoja. Katiba ya mwaka 2010 imeuweka katika Ibara ya 9 kuwa mojawapo ya alama za taifa. Mkristo na Mwislamu wanauomba kwa pumzi moja. Nenda shule yoyote ya Garsen asubuhi ya Jumatatu. Skauti anavuta kamba, bendera inapanda, na watoto wamesimama mistari: Mpokomo, Morma, Mwardei, Mgiriama, Mbajuni, Mmunyoyaya. Wa gredi ya kwanza hawajashika maneno yote, kwa hiyo wanadaka mwisho wa kila mstari na kuupaza kwa nguvu. Mtoto wa madrasa amesimama bega kwa bega na mtoto wa shule ya Jumapili. Watoto hao wanamwomba Mungu atupe amani. Sisi wazazi wao ndio tunaoweza kuliharibu ombi hilo kabla hawajafika nyumbani saa ya chakula cha mchana.

Basi naomba mambo haya kwenu, wapendwa.

Wiki hii, mwenye bibi au mama mzee amwombe amwimbie wimbo aliolelewa nao, uwe wa Kipokomo, wa Kiorma au wa Kigiriama. Rekodini kwa simu zenu, mjifunze, muwaimbie watoto. Simu tunazitumia kwa mengi yasiyojenga. Walimu wa shule ya Jumapili, waambieni watoto habari za Mzee Meza Galana wa Makere, wajue kwamba Mungu hutumia watu wa vijiji vyao.

Mwenye shamba kando ya mto, mtafute mfugaji anayepitisha mifugo karibu nawe, mkae chini mzungumze juu ya malka kabla kiangazi hakijafika. Mwenye mifugo, ufanye vivyo hivyo. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wana hekima ya kusuluhisha, nasi kanisani tuwe tayari kuwafungulia ukumbi na kuwaandalia chai wakati wowote watakapotaka kukutana. Ukipokea ujumbe wa kuchochea kabila moja dhidi ya jingine, usiutume mbele hata kwa mtu mmoja. Ufute.

Jibu langu kwa vijana wa kwaya ni hili: sijali sana ni wimbo upi unaoimbwa na midomo mingi zaidi. Wimbo mkubwa mbele za Mungu ni ule ambao mwenye kuuimba anautii. Wakenya kutoka Turkana hadi Taita wameazima wimbo wetu kumwomba Mungu amani. Sisi tuliowapa ndio tunaodaiwa kuwa wa kwanza kuiishi. Wana wa Tana, tulipeni deni hilo, tukianzia kwa jirani wa karibu kabisa, na tuanze wiki hii.